Milisekunde 10 za Kwanza za Shoti

Mwaka wangu wa tatu kazini niliitwa kwenye kituo kidogo cha kupozea umeme baada ya shoti. Breka ilikuwa imekata kama ilivyopangiwa. Hata hivyo, tulipofungua paneli tulikuta basba, yaani pau za shaba zinazogawa umeme ndani ya paneli, zimepinda mithili ya upinde, na vihami vya kauri vinavyozishikilia vimepasuka. Tangu siku ile nimekuwa nikiifikiria sekunde ile moja, hasa mwanzo wake.

Msukumo wa sumaku kati ya basba hupanda kwa mraba wa mkondo: mkondo ukiongezeka mara 10, msukumo huongezeka mara 100. Kilele cha kwanza, kinachoweza kufika mara 2.5 ya mkondo wa shoti uliokadiriwa, hupita ndani ya milisekunde 10 hivi. Relei (kifaa kinachogundua hitilafu na kuiamuru breka ikate) na breka kwa pamoja huhitaji milisekunde 60 hadi 100. Breka inafika msiba umeshatokea.

Chukua transfoma 3 za kushusha umeme kutoka kV 33 hadi kV 11, kila moja yenye uwezo wa MVA 15 na impidensi (kizuizi chake cha ndani kwa mkondo) ya asilimia 10. Kila moja hulisha shoti kwa takriban kA (kiloampia) 7.9. Ziunge kwenye basba moja upate karibu kA 23.6, na breka zako zinaweza kukata kA 20 tu! Ndiyo maana mafundi huacha basba zimetenganishwa. Transfoma moja ikianguka, mtaa unalala giza ilhali transfoma ya jirani bado ina nafasi ya kubeba mzigo.

Hapo ndipo ninapokipenda kipunguza shoti cha supakondakta. Ndani yake mna tepu yenye tabaka jembamba la itriamu, bariamu, shaba na oksijeni, imezamishwa kwenye nitrojeni ya kimiminika yenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo ukinzani wake hutoweka, na mkondo wa kila siku hupita karibu bila kizuizi. Shoti ikipiga, mkondo unavuka kikomo cha tepu, hali ya usupakondakta inavunjika, na ukinzani unazuka ndani ya milisekunde chache, kabla kilele hakijakomaa. Hakuna relei inayotoa amri wala chuma kinachosogea. Ni maumbile ya kitu chenyewe.

Mjini Essen, Ujerumani, mwaka 2014 waliwasha kebo ya supakondakta ya kilomita 1 hivi, kV 10, MW 40, ikiunganisha vituo viwili vya katikati ya mji. Kwenye njia hiyohiyo wakafunga kipunguza shoti, kwa sababu kebo nayo ilihitaji kulindwa.

Gharama yake iko kwenye baridi: mtambo wa kupoza hula umeme usiku na mchana. Relei nazo zahitaji kupangwa upya, maana mkondo ukipunguzwa mno, zile ambazo hukata haraka au polepole kulingana na ukubwa wa mkondo huchelewa, na utaratibu wa nani akate kwanza unavurugika. Tena tepu ikishapata moto inahitaji muda wa kupoa, wakati mwingine dakika kadhaa. Kwa laini za nguzo, ambako tawi la mti hugusa waya likaachia, na breka hujirudisha baada ya muda mfupi, huwa naomba kifaa kifungwe kwenye kiunganishi cha basba, yaani mahali basba za transfoma tofauti zinapoungana, si kwenye fida, laini inayotoka kituoni kwenda kwa wateja. Pale transfoma husaidiana siku zote. Shoti ikipiga, kifaa kinaubana mkondo unaotoka upande wa pili, breka ya kiunganishi inakitoa kikapoe, na kila transfoma inaendelea kulisha upande wake.