"Masihi wa Bwana" ni nani hasa?

Maneno haya yamegeuzwa kufuli. Mshirika akiuliza sadaka ya semina imetumikaje, au kwa nini unabii wa mwaka jana haukutimia, au akisema kuna binti amelalamika kuhusu mchungaji, anajibiwa papo hapo: "Usiguse masihi wa Bwana!" Mazungumzo yanaishia hapo, na aliyeuliza ndiye anayeondoka na jina la mwasi.

Masihi ni mtu aliyepakwa mafuta kuonyesha kwamba ametengwa kwa kazi ya Mungu. Walipakwa makuhani kama Haruni, wakapakwa wafalme kama Sauli na Daudi, na Eliya aliagizwa ampake Elisha awe nabii. Hata Koreshi, mfalme wa Uajemi ambaye hakumjua Mungu wa Israeli, anaitwa masihi katika Isaya 45:1. Kupakwa mafuta kulimpa mtu kazi, hakukumfanya asiyekosea. Sauli alipakwa, na tunajua alikoishia: Mungu alimkataa asiwe mfalme.

Andiko lenyewe ni Zaburi 105:15, nalo limerudiwa katika 1 Nyakati 16:22: "Msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu." Tazameni kwamba ni wingi, kisha anzeni kusoma juu kidogo, mstari wa 9. Wanaotajwa ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo, walipokuwa watu wachache, wageni, wakihama taifa hadi taifa. Wanaoonywa ni wafalme. Yaani Mungu anawaambia wenye nguvu wasiwaonee wanyonge wasio na mtetezi. Leo mwenye kipaza sauti na walinzi analishika andiko hilohilo kumnyamazisha mjane anayeuliza swali. Hilo ndilo linaloniuma, maana andiko la kumlinda mnyonge limepinduliwa likawa la kumlinda mkubwa.

Na kugusa ni nini? Hapa hutajwa Daudi, na ni sawa atajwe, ila habari yake isomwe hadi mwisho. Katika 1 Samweli 24, Sauli, anayemwinda Daudi ili amuue, anaingia katika pango alimojificha Daudi huko Engedi, Daudi anakata upindo wa vazi lake, moyo unamchoma, anakataa kumuua masihi wa Bwana. Lakini hakukaa kimya. Alitoka pangoni, akamwita mfalme kwa sauti, akamwonyesha kile kipande cha vazi, akamwambia wazi kwamba anamwinda mtu asiyemkosea, na kwamba Bwana ataamua kati yao. Aliyeogopa kuliko wote kumgusa Sauli ndiye aliyemsemesha kosa lake hadharani. Kugusa, kwa Daudi, kulikuwa kumwaga damu.

Ukija Agano Jipya, 1 Yohana 2:20 inawaambia waamini wote kwamba wamepakwa mafuta. Muulizaji naye basi ni mpakwa mafuta. Paulo alishindana na Petro uso kwa uso kule Antiokia, tena mbele ya wote, na hakuna aliyemwambia amegusa kitu.

Heshima isiyoruhusu maswali ina waathirika wake. Ravi Zacharias, mhubiri aliyejulikana dunia nzima, alifariki Mei 2020 akisifiwa. Februari 2021 huduma yake mwenyewe ilitoa ripoti ya uchunguzi iliyothibitisha kwamba aliwadhulumu wanawake kingono. Mwanamke aliyejitokeza mwaka 2017 hakuaminiwa, na bodi ilikuja kumwomba radhi wakati mhusika ameshazikwa.

Anayetaka kumlinda mchungaji wake dhidi ya uzushi, na ni haki yake kutaka hivyo, analo andiko linalofaa zaidi: 1 Timotheo 5:19, mashtaka juu ya mzee wa kanisa yasipokelewe ila kwa mashahidi wawili au watatu. Alitumie hilo, kisha asome na mstari wa 20, unaosema wadumuo kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote.