Mtoto Asemaye Puani, Ulimi Usiofika na Sikio Lenye Usaha: Maswali na Majibu kuhusu Sauti za Usemi

Maswali haya ndiyo ninayoulizwa mara nyingi na wazazi wanaoleta watoto kliniki hapa Mbeya. Majibu yake yanarudi kwenye jambo moja: kila sauti ya lugha ina mahali pake mwilini inapotengenezwa, na mzazi anayepajua mahali hapo huweza kupambanua lipi ni la kusubiri na lipi ni la kuwahi hospitali.

Swali: Sauti tunazotamka hutengenezwaje?

Jibu: Pumzi itokayo mapafuni hupanda hadi kwenye zoloto, kile kifundo kinachojitokeza shingoni mwa wanaume, ambamo mna nyuzi mbili za sauti. Nyuzi hizo zikikaribiana, hewa huzitetemesha, kwa kawaida kati ya mara 100 na 130 hivi kwa sekunde kwa mwanamume na karibu mara 200 kwa mwanamke, na kwa mtoto mdogo huweza kufika 300 au kuzidi. Weka vidole viwili shingoni utamke *z* kwa kuivuta, utahisi mtetemo. Sasa igeuze iwe *s* bila kusogeza ulimi, na mtetemo utakoma. Hiyo ndiyo tofauti kati ya “zaa” na “saa”.

Lakini mtetemo wa kooni peke yake ni mlio tu, haujawa *a* wala *i*. Kinachoupa sura ni umbo la koo na kinywa. Yeyote aliyewahi kukinga maji bombani anajua kwamba dumu tupu hutoa mlio mzito, na kadiri linavyojaa mlio hupanda ukawa mwembamba, kwa sababu nafasi ya hewa iliyobaki inazidi kufupika. Kinywa nacho hufanya vivyo hivyo. Tunapotamka *i*, ulimi hupanda mbele na kuacha chumba kidogo cha hewa, ambacho mwangwi wake ni mwembamba, mitetemo zaidi ya 2,000 kwa sekunde. Tunapotamka *u*, ulimi hurudi nyuma na midomo huviringika, mwangwi ukawa mzito. Sikio hupokea miangwi hiyo kwa pamoja na kuilinganisha, ndiyo maana tunamwelewa mtoto anayesema “baba” ijapokuwa njia yake ya sauti ni fupi sana kuliko ile ya mwanamume, yenye urefu wa sentimita 17 hivi.

Swali: Mwanangu anasema puani. Nitajuaje kama ni ugonjwa?

Jibu: Baridi yetu inaweza kukusaidia. Asubuhi ya Juni au Julai, wakati pumzi inaonekana kama moshi, toka naye nje na umwambie aseme “mama” polepole. Anapofumba midomo kwa *m*, moshi hutokea puani. Anapofungua kwa *a*, hutokea zaidi mdomoni. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Kisha aseme “saa sita” au “kaka kapita”, maneno yasiyo na *m* wala *n*. Hapa moshi wote unapaswa kupita mdomoni, kwa sababu kaakaa laini, ile nyama ya nyuma ambayo kimeo kinaning'inia kwake, huinuka na kuziba njia ya pua. Ukiona moshi unachuruzika puani kwenye *s*, *t* au *k*, rudia siku nyingine, na ukiona hivyo tena, mpeleke akachunguzwe. Penye joto, kioo kidogo chini ya pua kitafanya kazi ileile, kwani kitaingia ukungu.

Sababu mojawapo ni kaakaa lililopasuka tangu kuzaliwa. Mpasuko wa mdomo au wa kaakaa humpata takribani mtoto 1 kati ya 700 duniani, na wakati mwingine ule wa kaakaa hufichika chini ya ngozi, mzazi akaona tu kwamba kimeo kimegawanyika ncha mbili. Haukuletwa na laana wala na kosa la mama, na ninasema hivi kwa msisitizo kwa kuwa nimeona akina mama wakiwaficha watoto kwa aibu hadi umri unaofaa kwa matibabu ukapita. Mdomo kwa kawaida hushonwa mtoto akiwa na miezi 3 hadi 6, na kaakaa kati ya miezi 9 na 18, ili njia ya hewa iwe tayari kabla maneno hayajawa mengi.

Kuna pia hali iliyo kinyume: pua ikiziba kwa mafua, “mama” husikika karibu kama “baba”. Mafua yakipona hali hiyo nayo huisha. Isipoisha, na mtoto akawa analala mdomo wazi huku akikoroma, huenda kuna nyama zilizovimba nyuma ya pua.

Swali: Bibi yake anataka akatwe kimeo, au udata, ili aseme vizuri. Tufanyeje?

Jibu: Msikilizeni bibi kwa heshima, kwani anamtakia mjukuu wake mema, lakini kimeo kisikatwe. Kimeo hakimzuii mtoto kusema, na kukikata nyumbani huleta damu isiyokatika, maambukizi na hata pepopunda. Udata, yaani utando unaoufunga ulimi kwa chini, ni suala jingine. Watoto wengi wenye udata husema vizuri. Shida huonekana zaidi wakati wa kunyonya. Tazama kama mtoto anaweza kutoa ulimi ukapita mdomo wa chini na kugusa ufizi wa juu. Ikiwa hawezi, uamuzi wa kukata ni wa daktari.

Swali: Ana miaka mitatu na anasema “lafiki”. Je, ni kasoro?

Jibu: Hapana. *Herufi r* hudai ncha ya ulimi ipigepige ufizi kwa wepesi ambao misuli ya mtoto haijaupata, kwa hiyo huchelewa. *M*, *b* na *p* hutangulia kwa sababu midomo huonekana. Akivuka miaka mitano na bado watu wa nje ya nyumba hawamwelewi, atafutiwe mtaalamu.

Mtu mzima wa Rungwe anayechanganya *r* na *l* si mgonjwa. Lugha nyingi za Kibantu hazizitenganishi sauti hizo mbili, na ulimi wake ulijifunza mpangilio mwingine. Vilevile, kuzungumza Kinyakyusa nyumbani hakumcheleweshi mtoto kusema. Kinyakyusa kina irabu saba, Kiswahili tano, na sikio la mtoto huzimudu zote. Wazazi wanaoinyamazisha lugha yao kwa hofu hiyo wanamnyima mtoto maneno mengi bure.

Swali: Masikio yanahusikaje?

Jibu: Yanahusika kuliko ulimi. Irabu zina nguvu na mwangwi wa chini. *S* na *f* ni hafifu, na sehemu kubwa ya mvumo wa *s* iko juu ya mitetemo 4,000 kwa sekunde. Mtoto ambaye sikio lake limepungua nguvu kwenye sauti hizo za juu husikia “simu” kama “imu”, na hutamka alichosikia. Simama nyuma yake, asikuone midomo, unong'one “sasa” au jina lake. Asipogeuka mara kadhaa, apimwe usikivu. Usaha unaotoka sikioni kwa siku 14 au zaidi ni ugonjwa sugu. Sikio likaushwe kwa kitambaa safi kilichosokotwa, lisitiwe mafuta wala maziwa, na mtoto apelekwe kituo cha afya.

Swali: Mimi ni mwalimu, sauti imenikauka tangu vumbi lianze. Ninong'one?

Jibu: Usilazimishe kunong'ona, kwa maana nako huzikaza nyuzi za sauti. Nyamaza kadiri uwezavyo, kunywa maji mara kwa mara, epuka moshi wa jikoni na wa sigara. Sauti ikikaa imekwaruza zaidi ya wiki tatu, au ikiambatana na shida ya kumeza, kupumua au kukohoa damu, nenda hospitali yenye daktari wa masikio, pua na koo, akazitazame nyuzi zenyewe.