Hakuna anayevaa helmeti ya sponji ili ajifiche

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja kumchukulia mwanawe vazi. Nilikuwa nimelipanga mezani: kifua, mabega mawili, vikinga mikono na helmeti, vyote vya sponji, rangi imekauka tangu jana yake. Akaligusa bega kwa ncha ya kidole, akaniuliza kwa upole, "Sasa fundi, mwanangu anajificha nini?"

Sikumjibu vizuri. Nyuma yake kulikuwa na mteja anayesubiri zipu, na swali hilo nimeshaulizwa hadi limenichosha: na wazazi, na mwenye nyumba, na mtangazaji mmoja wa redio aliyekuja na jibu lake mfukoni. Ati vijana wa kosplei, yaani wanaojivika kama wahusika wa katuni na filamu, wanayakimbia maisha yao, wanavaa sura ya mtu mwingine kwa sababu yao hawaitaki. Mama yule alistahili jibu la kukaa chini, basi ndilo hili.

Anayetaka kujificha Nairobi havai mabawa ya mita mbili. Anavaa jinzi na koti la kijivu, anapanda matatu, humwoni tena. Kosplei ni kinyume cha hayo. Siku ya tamasha la mashabiki wa katuni, iwe NAICCON au Otamatsuri, kutoka mlangoni hadi meza za wauza katuni ni hatua chache tu, lakini zinaweza kukumalizia robo saa. Kila ukinyanyua mguu, mtu usiyemjua anakuita kwa jina la mhusika, anaomba picha, halafu anainama kuutazama mshono. "Hii umeifanyaje?" Hapo ndipo penyewe. Jina lako huulizwa baadaye, pengine lisiulizwe kabisa, lakini umeshajulikana: unakipenda anachokipenda yeye, na umekaa nacho miezi.

Nasema miezi kwa sababu wanaozungumzia kujificha hawajawahi kuona kazi yenyewe. Mwanawe yule mama alikuwa akija kwangu kila Jumamosi. Mimi nilimwonyesha tu na kumalizia rangi. Mabega yale yalikuwa mikeka ya kuchezea watoto, ile inayopachikana meno kwa meno. Unaikata kwa wembe mpya, maana wembe butu hung'oa kingo na kuziacha kama mkate uliomeguliwa. Unaipuliza hewa ya moto hadi uso wake ubadilike kidogo, unaipinda juu ya goti, unaishikilia hadi ipoe, nayo haikunjuki tena. Gundi ni ile ya mafundi viatu: unapaka pande zote mbili, unasubiri hadi kidole kisinate, kisha unagandisha mara moja tu, kwa kuwa ikishashika haina kurekebisha. Fungueni madirisha, nawasihi, gundi hiyo inapanda kichwani. Halafu gundi nyeupe ya seremala, tabaka nne au tano, ndipo rangi. Bega la kushoto lililizidi la kulia kwa unene wa kidole. Hakuna ambaye angeliona. Kijana alilibandua, akaanza upya. Mtu anayekimbia hafanyi hivyo.

Lingine ninaloambiwa ni kwamba haya ni mambo ya juzi, yameletwa na intaneti. Mwaka 1939, New York, kwenye kongamano la kwanza la dunia la mashabiki wa hadithi za kisayansi, Forrest Ackerman na Myrtle Douglas, aliyejulikana kama Morojo, walifika wamevaa mavazi ya watu wa zama zijazo. Nyuso zao zilikuwa wazi. Morojo ndiye aliyeyashona, lakini kwa miaka mingi sifa zilimwendea Ackerman na mshonaji akatajwa kwa kupita. Hilo linaniuma kila ninapolisoma. Mwaka uliofuata, Chicago, mavazi yakapewa shindano lake. Neno lenyewe, kwa Kijapani kosupure, liliandikwa na Nobuyuki Takahashi katika jarida moja la Japani mwaka 1983.

Na sisi wa Mombasa tusijifanye wageni kwa mambo haya. Mwanzoni mwa karne ya 20 vyama vya beni, Kingi na Skochi, vilishindana barabarani kwa ngoma, magwanda na vyeo, Skochi wakivaa sketi za Waskochi. Sisemi kosplei ilizaliwa na beni. Haikuzaliwa hapo, na zinatofautiana: beni ilivaa nguo za wenye nguvu, kosplei inavaa nguo za mhusika uliyempenda. Lakini watu waliosimama kando ya barabara walijua afisa yule anayepita kwa madaha ni mtoto wa nani na analala nyumba ipi. Asingejulikana, raha ingetoka wapi?

Hata hivyo wapo wanaojificha, na sitaki kuwadanganya. Mteja mmoja alitaka helmeti isiyofunguka hata kwa kunywa maji. Nikamtengenezea, na hadi leo sina hakika kama nilifanya vyema. Husemwa kwamba vazi humpa mtu ujasiri. Nimeuona ujasiri huo. Nimewaona pia wanaovua Jumapili jioni wakanywea kabisa, na Jumatatu yao ikawa nzito kuliko ile ya kabla. Na nimemwona kijana akila kodi ya nyumba kwa ajili ya wigi. Huyo namkemea waziwazi: nenda soko la Gikomba, anza na nguo za mtumba, mhusika wako atakusubiri.

Kwa hiyo, mama, nenda naye siku hiyo. Tundu za macho kwenye helmeti ile zina upana wa vidole viwili, hataziona ngazi, mshike mkono. Beba maji na mrija. Beba na kichupa cha gundi ya viatu, kwa sababu bega la kulia halipendi kuinuliwa juu ya kichwa na wapiga picha watamwomba ainue mkono. Na wakiuliza nani ametengeneza, usinitaje mimi. Mwache ajibu mwenyewe.