Unataka kusajiliwa kuwa mtathmini wa ufundi stadi? Anza na ushahidi

Tangu mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi ndani ya shule za sekondari, uanze kidato cha kwanza Januari 2024, na tangu serikali ianze kusogeza vyuo vya ufundi stadi hadi wilayani, watu wanaoomba kusajiliwa kuwa watathmini wameongezeka. Sisi tunaopitia maombi hayo tunawapokea kwa mikono miwili, maana wanaohitaji kupimwa ni wengi na wapimaji hawatoshi. Hata hivyo mafaili mengi tunayarudisha kwa wenyewe. Mara chache sababu huwa ni ufundi mdogo. Mara nyingi ni kwamba mwombaji hajui anaomba kazi gani.

Mwalimu anafundisha, na mtahini wa karatasi anasahihisha majibu akiwa ofisini. Mtathmini anasimama mbele ya mtu anayefanya kazi kwa mikono yake, anakusanya ushahidi, anaulinganisha na kiwango kilichoandikwa, kisha kwa kila kipengele anatamka moja kati ya mawili: ana umahiri, au bado. Hakuna nafasi ya "anajitahidi". Neno hilo tunalikuta kwenye orodha hakiki, fomu ya vipengele anayojaza mtathmini, kila msimu wa upimaji, na kila tukilikuta tunalazimika kumpigia simu aliyeliandika na kumuuliza alimaanisha nini.

Wako wanaotujibu, "Mimi nina miaka 20 kwenye fani, mnataka nini tena?" Miaka hiyo tunaiheshimu na tunaihitaji. Ila kujua kuifanya kazi ni jambo moja, na kujua kuthibitisha kwamba mwingine anaijua ni jambo jingine. Nitoe mfano mmoja wa ufungaji umeme wa majumbani.

Mtahiniwa amepewa ubao, swichi moja, holda moja, waya na mchoro. Amefunga. Anawasha, taa inawaka. Anazima, taa inazimika. Wenzake waliosimama pembeni wanapiga makofi. Mtathmini anayeijua kazi yake anaomba umeme uzimwe kwenye breka, anafungua swichi na kufuatilia waya. Anakuta aliyefunga amepitisha nyutro (waya wa kurudishia umeme) kwenye swichi, na laini (waya unaoleta umeme) imekwenda moja kwa moja kwenye holda. Taa inaitii swichi kama kawaida, lakini swichi ikiwa imezimwa, holda bado ina umeme. Siku mama mwenye nyumba atakapopanda kwenye stuli kubadilisha globu, akiamini amezima, atapigwa shoti. Makofi yote yale hayabadilishi kitu: kwa kipengele hicho, mtahiniwa bado.

Sasa linakuja jambo gumu zaidi, kuandika. Mtathmini wa kwanza anaandika: "Amekosea swichi." Wa pili anaandika: "Mtahiniwa ameunganisha nyutro kwenye swichi, laini imeingia moja kwa moja kwenye holda. Baada ya umeme kurudishwa, swichi ikiwa imezimwa, nilipima kwenye holda kwa testa mbele yake, testa ikawaka. Nilipomuuliza kwa nini laini ndiyo ikatwe na swichi, hakuweza kueleza. Saa 4:20 asubuhi." Mhakiki, yaani anayekagua kazi ya watathmini, atakayelisoma faili hilo miezi miwili baadaye, akiwa Dodoma, hajamwona kijana wala ubao, atafikia uamuzi uleule. Hicho ndicho tunachokitafuta kwa mwombaji. Mwajiri anayeajiri kwa cheti hakuwepo, mwenye nyumba hakuwepo, nasi hatukuwepo. Uliyekuwepo ni wewe peke yako, na saini yako inasimama badala ya macho ya watu wote hao.

Ushahidi wenyewe una masharti manne. Uhusiane na kipengele kinachopimwa. Kumuuliza mtu hatua za kuchomelea hakuthibitishi kwamba anaweza kuchomelea. Uwe wa mtahiniwa mwenyewe. Uwe wa sasa. Na utoshe: kiungo kimoja kilichokaa sawa kinaweza kuwa bahati. Katika hayo manne, linalotusumbua zaidi ni la pili. Mkoba wa kazi, yaani mkusanyiko wa ushahidi wa kazi alizofanya mtu, unaletwa na picha 15 za sofa na makabati, picha safi kabisa, lakini hakuna hata moja inayomwonyesha mwombaji akiwa kazini, wala jina la mteja, wala tarehe. Seremala wa Keko, Dar es Salaam, anajua, nasi tunajua, kwamba picha za sofa husambaa kwenye simu za karakana nzima. Mtathmini makini huchagua kitu kimoja katika picha hizo na kusema: nieleze ulikipima vipi, ulitumia mbao gani, kiungo hiki ulikifunga kwa nini. Aliyekitengeneza hujibu hata kabla swali halijaisha.

Kuhusu mahali pa kupeleka maombi, bado kuna mkanganyiko ambao ulipaswa kuwa umekwisha. VETA, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na kwa miaka mingi ilitoa mafunzo na kuyadhibiti yenyewe. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliuhamishia udhibiti wa ufundi stadi kwenye baraza lililokuwa likiitwa NACTE, ambalo sasa ni NACTVET, Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi. VETA imebaki na jukumu kubwa la kutoa mafunzo. Kwa hiyo kufundisha kwenye chuo cha VETA, au kusomea ualimu wa ufundi stadi Morogoro, hakukufanyi kuwa mtathmini aliyesajiliwa. Ni msingi mzuri, lakini jina lako haliingii lenyewe kwenye orodha ya watathmini. Fuata tangazo la mamlaka husika na taratibu zilizomo ndani yake, usifuate ujumbe uliosambazwa kwenye kundi la WhatsApp na mtu anayedai ana "mtu wake ndani". Hakuna mtu wa ndani. Kuna faili lililokamilika na faili lisilokamilika.

Basi tuzungumzie faili. Majina yafanane kwenye kila karatasi. Cheti cha kidato cha nne kikisema Juma H. Ally, cheti cha ufundi kikisema Jumaa Hassan, na kitambulisho cha NIDA kikisema Juma Hassan Ali, kwetu hao ni watu watatu mpaka ulete kiapo cha majina kilichoapwa mbele ya wakili au hakimu. Kilete mapema, usisubiri tukiulize. Nakala za vyeti zithibitishwe, na muhuri wa wakili usomeke. Muhuri uliofifia tunaurudisha hata kama tunaamini ni wa kweli. Cheti cha ufundi kilichotolewa nje ya nchi kipate kwanza ulinganifu NACTVET, na shahada ya nje ipitie TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Barua ya uzoefu itaje kazi ulizofanya, vifaa ulivyotumia na kipindi chenyewe, kuanzia mwezi gani hadi mwezi gani. "Ni mchapakazi na mwaminifu" ni sifa njema, lakini haituambii kama umewahi kufunga gia boksi. Uliyejiajiri usikate tamaa kwa kukosa mwajiri wa kukuandikia: leseni ya biashara, mikataba na wateja, stakabadhi za vifaa, na barua ya serikali ya mtaa inayotambua karakana yako ni ushahidi tunaoupokea na kuupima.

Fundi ambaye hajawahi kupata cheti chochote hawezi kuanzia hapa. Aanze na urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, apimwe yeye mwenyewe, azibe mapengo yatakayoonekana, apate cheti, kisha aje. Watu waliopita njia hiyo huwa watathmini wazuri sana, nami nasema hivyo baada ya kuwaona kazini. Wanajua inavyouma kuulizwa jina la kifaa kwa lugha ya kitabuni ilhali umekitumia kila siku kwa jina la mtaani. Mtathmini akikataa jibu sahihi kwa sababu fundi amesema "mainswichi" badala ya jina lililoandikwa kwenye mtaala, aliyekosea ni mtathmini. Na kama mtahiniwa hasomi vizuri huku kazi inayopimwa haidai kusoma, maswali yaulizwe kwa mdomo na majibu yaandikwe kama yalivyotoka.

Uzoefu nao unachakaa. Fundi magari aliyeacha karakana enzi za kabureta, akaingia kwenye biashara nyingine, hawezi leo kumpima kijana anayesoma hitilafu kwa mashine na kupima sensa. Tunachotaka kuona ni kwamba bado umo kwenye fani, au umerudi na kujifunza.

Ukishasajiliwa, siku ya upimaji ina mpangilio wake na haina njia ya mkato. Unafika mapema na kukagua vifaa, kinga na mahali pa kazi. Mashine yenye hitilafu haitumiki, hata kama mkuu wa chuo anasema "itavumilia". Unamweleza mtahiniwa atapimwa nini, kwa muda gani, na kwamba ana haki ya kukata rufaa. Unahakiki kitambulisho dhidi ya sura yake. Akianza, unanyamaza. Hapa wengi huteleza kwa wema tu. Miaka yangu ya mwanzo nilimwona kijana akitaka kuwasha grainda bila miwani, nikakohoa. Akaniangalia, akaelewa, akaivaa. Nilimwekea alama ya umahiri kwenye usalama, kwa ushahidi ambao haukuwa wake. Ulikuwa wa kikohozi changu. Nilichopaswa kufanya ni kumsimamisha waziwazi, kwa sababu hatari lazima izuiwe, na kuandika kwamba nilimsimamisha. Mhakiki alinirudishia faili lile, na alikuwa na haki.

Usimpime mtoto wako, mwenza wako, mwanafunzi uliyemfundisha kwenye karakana yako binafsi, wala mtu unayemdai au anayekudai. Ukikutana na jina kama hilo kwenye orodha, toa taarifa kwa maandishi kabla ya siku ya upimaji, upangiwe mwingine. Wapo wanaosema, "Lakini nitatenda haki." Tunakuamini. Ila mtahiniwa wa pili kwenye orodha hana sababu ya kukuamini, naye ana haki ya kuwa na utulivu.

Adhabu nazieleza wazi ili mtu asije akasema hakuambiwa. Ukikutwa umejaza orodha hakiki bila kumwona mtahiniwa akifanya kazi, matokeo ya kundi zima yanazuiwa, si ya mtu mmoja tu, na watahiniwa wasio na kosa wanapimwa upya. Jina lako linasimamishwa wakati uchunguzi ukiendelea. Kosa likithibitika, linaondolewa na mwajiri wako anajulishwa. Kughushi nyaraka ni jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na kifungo kinaweza kufika miaka 7. Hilo linajumuisha saini ya mtahiniwa uliyomsainia "kwa sababu alikuwa ameshaondoka". Kupokea fedha kwa mtahiniwa, hata ikiitwa nauli au soda, ni rushwa. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinataja faini isiyopungua shilingi 500,000 na isiyozidi shilingi 1,000,000, au kifungo kisichopungua miaka 3 na kisichozidi miaka 5, au vyote viwili, na kinamgusa anayetoa kama kinavyomgusa anayepokea. Rushwa ya ngono ina kifungu chake, cha 25. Wasichana wanaosoma uchomeleaji na ufundi magari wanahangaika vya kutosha kukubalika kwenye karakana. Atakayewawekea kikwazo kingine mlangoni pa cheti hatapata huruma yetu.

Picha na video za upimaji ni taarifa binafsi, zinalindwa na sheria ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Zinakaa kwenye faili. Haziwekwi kwenye status yako, hata kama kazi ya mtahiniwa imekupendeza.

Na tafadhali, usajili wa mtathmini si leseni ya kazi. Fundi umeme anayetaka kufunga umeme kwenye nyumba za watu anahitaji leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, awe mtathmini au asiwe. Barua ya usajili haikuruhusu kufungua kituo chako cha kutoa vyeti, wala kuandika kwenye bango la karakana kwamba unatoa vyeti vya serikali. Tumeyaona mabango hayo, na tumeyaondoa.

Kama baada ya kusoma haya bado unataka kuomba, jipime kwanza nyumbani. Tafuta fundi wa fani yako anayefanya kazi, mwombe ruhusa ya kumtazama, kaa pembeni bila kusema neno. Kisha andika kwa mkono ukurasa mmoja, kuanzia aliposhika kifaa cha kwanza hadi alipofagia mahali pa kazi: alifanya nini, kwa mpangilio gani, alipima kwa kitu gani na akapata vipimo gani. Mpe ukurasa huo fundi mwingine ambaye hakuwepo, mwulize kama kazi ile ilikubalika. Akikuuliza "kwani ilikuwaje hapo katikati?", rudi ukatazame tena kabla hujaleta faili.