Hakuna dhahabu ya Mjerumani chini ya ziwa, naomba tuelewane leo

Jumanne jioni natoka kazini, mtungi wa kuzamia bado uko begani, kijana mmoja ananiwahi pale mwaloni Kirumba, Mwanza, ananivuta pembeni: fundi, kuna dili. Nikajua hapohapo. Akatoa simu akanionyesha picha ya skrini ya ile mashine ya kuonea samaki, kuna kivuli kirefu kimelala chini, akasema hiyo ni meli ya Mjerumani, imejaa masanduku ya dhahabu, babu yake alisimuliwa na babu yake, kilichobaki ni mtu wa kuzamia tu halafu tunagawana nusu kwa nusu. Huyu ni wa sita mwaka huu. Wa nne alisema ni ya maharamia.

Nimechoka kueleza mmoja mmoja kwenye mitumbwi, ndo maana naandika.

Tuanze na maharamia tumalizane nao. Ziwa letu la Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari, na njia pekee ya maji kutoka huku kwenda baharini ni mto Nile wenye maporomoko ambayo hakuna meli inayapanda. Meli zote kubwa za chuma za zama za mkoloni zilikuja vipandevipande. Ile William Mackinnon vipande vyake vingine vilibebwa na wapagazi kutoka pwani, na baada ya reli kufika Kisumu mwaka 1901 ndo zikaanza kuja kwa treni, zinaungwa pale Kisumu, zinashushwa majini: Winifred, Sybil, Clement Hill, baadaye Usoga na Rusinga. Zinahesabika, zina majina, na kila moja kuna mtu aliilipia akaweka risiti. Haramia gani alipanda treni na meli yake?

Sasa dhahabu ya Mjerumani. Hii ndo inaniuma zaidi kwa sababu watu wanauza ng'ombe, wanauza viwanja, wanampa mganga na mwenye ditekta ya kutafutia madini. Dhahabu ya Mjerumani ilikuwepo kweli, sikatai. Ilichimbwa Sekenke, kule Iramba. Vita ya kwanza ya dunia ilipokolea Waingereza wakafunga bahari, pesa zikawa haziingii kutoka Ujerumani, basi mwaka 1916 Wajerumani wakachukua dhahabu ya Sekenke wakaigonga kuwa sarafu ya rupia 15 palepale Tabora kwenye karakana ya reli, upande mmoja ina tembo na mlima nyuma yake. Zilitoka kama elfu 16. Kwa nini mtu anagonga sarafu katikati ya vita? Ili alipe! Ili anunue chakula, askari wapate chao. Ile dhahabu ilitumika, ikaingia mifukoni mwa watu ikatembea. Serikali iliyoishiwa hela mpaka inagonga sarafu kwenye karakana ya treni haina masanduku ya ziada ya kutupa ziwani.

Na walipozamisha meli wenyewe walikuwa na akili yao. Angalia ile Graf von Götzen ya Ziwa Tanganyika. Julai 1916 waliizamisha wenyewe karibu na Kigoma, lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka injini grisi nene. Hawakuficha mali ndani, meli yenyewe ndo ilikuwa mali, walitaka kurudi kuichukua. Hawakurudi. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakaitengeneza, 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Huku kwetu Sybil ya Waingereza iligonga mwamba ikakwama Majita mwaka 1914, nayo baadaye ikavutwa ikatengenezwa ikarudi kubeba mizigo. Chuma kilikuwa adimu kiasi hicho. Ukisikia "meli ilizama wakati wa vita ya kwanza" swali la kwanza uulize iliinuliwa lini, maana nyingi hazikuachwa.

Haya, ile picha ya kwenye simu.

Jamani, mashine ya kuonea samaki haipigi picha. Inachora kina kinachopita chini ya mtumbwi, sekunde baada ya sekunde, kutoka kulia kwenda kushoto. Maana yake ukiwa umetulia juu ya jiwe moja, mtumbwi hauendi, jiwe lilelile linachorwa tena na tena mpaka linakuwa refu kama treni. Ukienda kasi juu ya kitu kirefu kweli, kinatokea kifupi kama tofali. Urefu unaouona pale ni wa muda, sio wa mita. Nimewaeleza watu hili wakaitikia kwa kichwa halafu wakaniuliza "sasa hiyo meli unadhani ina mita ngapi?"

Halafu tukumbuke tunaishi wapi. Mawe yale unayoyaona Bismarck Rock, Capripoint, Igogo, hayakuishia ufukweni, yanaendelea huko chini hivyohivyo, yamepandana, yamepasuka, mengine yamepasuka yakanyooka upande mmoja kama yamekatwa kwa msumeno. Hata kwenye sona nzuri ya kuvuta nyuma ya boti, mashine inayopima kwa mawimbi ya sauti na ambayo yenyewe inatoa picha kweli, graniti iliyopasuka ina kona na ina kivuli na mimi mwenyewe imenidanganya, nimeshuka nikapapasa nikakuta jiwe. Nasema nikapapasa kwa sababu kwenye ghuba yetu mwonekano siku nyingi ni urefu wa mkono, siku mbaya huoni saa yako. Magnetomita inasaidia maana inasikia chuma, ila inasikia chuma chochote, pipa, nanga, injini ya boti iliyodondoka.

Kwa hiyo meli inatambulikaje? Hapa naomba utulivu, maana hapa ndo ugomvi wote ulipo, sio huku tu, dunia nzima.

Watu wanataka kitu kimoja kinachosema jina. Kengele, bamba, sarafu. Mara chache sana unakipata, kama ile Whydah ya maharamia iliyozama Cape Cod kule Marekani mwaka 1717, kengele yake ilipatikana 1985 imeandikwa jina la meli, ubishi ukaisha. Wenzetu wote wanaota kengele kama hiyo. Lakini kengele inahamishwa, bamba linahamishwa zaidi. Mtu akileta bamba lenye maandishi ya Kijerumani anasema meli ni ya Mjerumani, mi nakataa kila siku na wananiona mbishi. Bamba la boila, lile tangi la kuchemshia maji ya mvuke, linakwambia boila ilitengenezwa wapi, basi. Boila zinauzwa, pampu zinachomolewa meli hii zinafungwa ile. Ichukue Liemba hiyohiyo: imeundwa Papenburg mwaka 1913, ikapigana vita upande wa Wajerumani, ikafanya kazi miaka mingi chini ya Waingereza halafu chini yetu, injini zake za mvuke zimetolewa zikawekwa za dizeli. Tuseme imezama, akizamia mtu asiyejua akaokota kipande cha Papenburg atasema meli ya kivita ya Mjerumani, akiokota kipande cha dizeli atasema boti ya juzijuzi, na wote wawili wameshika kitu cha kweli mkononi.

Kinachotambulisha meli ni vitu ambavyo wawindaji wa dhahabu wanavisukuma pembeni. Riveti, kwa mfano, ile misumari minene ya kuunganishia mabati. Meli za zamani zile zimeshonwa kwa riveti, vichwa vyake unavisikia kwa kidole hata kwenye giza, nahesabu nafasi kati ya kichwa na kichwa, napima unene wa bati. Kuchomelea kulienea kwenye meli kuanzia miaka ya 1930 na hasa vita ya pili, kwa hiyo nikikuta mshono wa kuchomelea toka mwanzo mpaka mwisho, stori ya 1916 imekufa pale, ila nikiukuta sehemu moja tu inaweza kuwa kiraka cha baadaye. Halafu mataruma, yaani mbavu za meli, umbali kati ya taruma na taruma. Upana wa boila. Panga boi lina mabawa mangapi. Vyote hivyo unavilinganisha na michoro ya waliounda, kama wale Bow, McLachlan wa Paisley kule Scotland waliotengeneza Clement Hill, Usoga na Rusinga. Lakini vinalingana tu kama vimekaa palepale vilipoangukia. Ukishavuta kimoja na kamba ya nailoni ukakitupa mwambao, nabaki na chuma kisicho na kwao.

Mfano unaonigusa kuliko yote ni São José. Ilikuwa meli ya Wareno ya watumwa, ikatoka Kisiwa cha Msumbiji imebeba watu wetu wa pwani ya mashariki, ikavunjika karibu na Cape Town mwaka 1794, wakafa watumwa zaidi ya 200. Miaka ya 1980 wawindaji wa hazina waliikuta wakasema ni meli ya Waholanzi, wakaendelea na mambo yao. Ilichukua miaka mingi mpaka 2015 kutangazwa ni yenyewe, na moja ya vitu vilivyoitambulisha ni farumi. Vipande vya chuma vya kuipa meli uzito! Orodha ya mizigo iliyotoka Lisbon ilikuwa imetaja vipande 1,400 vya farumi, kwa sababu mwili wa binadamu ni mwepesi kuliko mizigo ya kawaida na meli ya watumwa ilihitaji uzito wa ziada ili isipinduke. Mtu wa dhahabu anaona chuma kisicho na bei. Kile chuma ndo kinasema ndani ya meli walikuwa watu.

Na upande wa pili, mwaka huohuo 2015, kule kisiwa cha Sainte-Marie, Madagaska, ikatangazwa kwa kamera na mabalozi kwamba meli ya haramia Kidd imepatikana pamoja na kipande cha madini ya fedha cha kilo 50. Wataalamu wa UNESCO wakaenda kukagua. Ile "fedha" ilikuwa madini ya risasi asilimia 95, yaani farumi, na ile "meli" ilikuwa vifusi vya ujenzi wa bandari. Waliokuwa wanatafuta hazina waliiona hazina.

Kuhusu kuzamia kwenyewe sitakaa sana: tuko juu ya usawa wa bahari, majedwali ya baharini ya muda na kina cha kuzamia yanahitaji kusahihishwa, ukiyafuata yalivyo unaweza kupata ugonjwa wa kuzamia. Usizamie na kompresa ya kupakia rangi. Na walipolala ndugu zetu wa MV Bukoba toka Mei 21, 1996 sizamii kwa dili la mtu yeyote, asiniulize tena mtu.

Linalofuata ni lile la "basi tuitoe tuiweke makumbusho". Kwa nia njema kabisa watu wanasema hivyo. Ubao uliokaa majini miaka mia umejaa maji, ndo yanaushikilia, ukiuanika juani unajikunja na kupasuka ndani ya siku chache. Vasa, meli ya mbao ya Uswidi, iliinuliwa 1961 ikanyunyiziwa dawa miaka 17. Ziwa letu halina chumvi wala wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao, kwa hiyo huko chini vitu vinadumu vizuri kuliko baharini, na mkataba wa UNESCO wa 2001 unasema kuacha palepale ndo chaguo la kwanza, na kuuza hapana kabisa.

Nimelifundisha hilo kwa vijana na nalisimamia. Lakini kuna usiku linanikosesha usingizi. Aliyeandika "acha palepale" alikuwa na mlinzi. Huku wanaomaliza mabaki ni watu wa skrepa, kilo kwa kilo, pamoja na nyavu zinazonasa na kuvutwa kwa nguvu. Na sheria yetu ya mambo ya kale ya 1964 inalinda moja kwa moja vitu vya kabla ya 1863, wakati hakuna meli hata moja ya mkoloni humu ziwani iliyo ya zamani hivyo, mpaka itangazwe rasmi kuwa inalindwa. Kwa hiyo nikiiacha palepale, wakati mwingine nawaachia wenye msumeno. Nikiitoa naiua mwenyewe. Nimewahi kupima mabaki, nikaandika, nikarudi msimu uliofuata nikakuta upande mmoja wote umekatwa. Hata ninaposema hii ni meli fulani, mara nyingi maana yake ni kwamba sijakuta cha kunipinga, na kile cha kunipinga labda kiliuzwa kwa kilo.

Turudi kwa kijana wa Jumanne. Nilipomwambia kivuli chake ni mtumbwi kusimama juu ya jiwe, akakasirika kidogo, akaenda kwenye mtumbwi wake akarudi na kipande cha bati kimefungwa kwenye kiroba. Kina matundu matatu ya riveti, kimeng'ang'aniwa na kipande cha ubao, na pembeni kimegongwa namba. Namba! Meli zilizokuja vipandevipande sehemu zake zilitiwa alama ili mafundi wajue hiki kinaungwa na kile. Mikono ilinitetemeka. Nikamuuliza ulikitoa wapi. Akanyoosha mkono kuelekea ziwani, akauzungusha kutoka Igombe mpaka huko Ukerewe. Nyavu ilinasa usiku, akasema, tukavuta, wiki tatu zimepita.

Kipande kiko kwenye ndoo ya maji ya ziwa nyuma ya nyumba yangu, kimezama chote, nimewaarifu watu wa malikale. Jumamosi naenda naye ziwani. Nimemwambia aje na yule mzee aliyekuwa ameshika kasia usiku ule, maana mzee anakumbuka walipotia nanga kwa kuangalia taa za nchi kavu.