Je, wajua? Kwa nini treni ya stesheni moja Dar es Salaam haiwezi kuingia stesheni nyingine

Mwambie bodaboda wa Dar es Salaam akupeleke stesheni ya treni. Kama ni mwenyeji, hatawasha pikipiki kabla hajakuuliza: ipi? Ipo ile ambayo wenyeji huiita Stesheni tu, katikati ya mji, hatua chache kutoka bandarini. Ipo Tazara, ya reli ya Tanzania na Zambia, kwenye makutano ya Barabara ya Nyerere na Barabara ya Mandela. Na jirani kabisa na ile ya kwanza ipo Stesheni ya Magufuli, ya treni ya umeme, jengo la vioo ambalo limechongwa kwa mfano wa jiwe la tanzanaiti.

Mji mkubwa kuwa na stesheni zaidi ya moja si jambo la kushangaza. Cha kushangaza ni kwamba reli za stesheni hizi tatu hazilingani upana. Ukipima kutoka ubavu wa ndani wa chuma kimoja hadi ubavu wa ndani wa chuma cha pili, Reli ya Kati, ile ya Stesheni, ina milimita 1,000, yaani mita moja kamili. Tazara ina milimita 1,067. Reli ya kisasa, SGR, ina milimita 1,435. Kichwa cha treni cha njia moja hakiwezi kutia gurudumu kwenye njia nyingine hata kwa bahati mbaya. Kati ya mbili za kwanza tofauti ni milimita 67, pungufu ya upana wa kiganja, lakini kwa gurudumu la treni hiyo ni sawa na bahari.

Ilikuwaje mji mmoja ukapata vipimo vitatu? Wengi hujibu haraka kwamba ni wakoloni na wafadhili, kila mmoja alikuja na lake. Kuna ukweli kidogo hapo, ila jibu hilo haliwezi kueleza kwa nini Wachina, ambao kwao reli kuu zina upana wa milimita 1,435, walijenga Tazara kwa milimita 1,067. Ukifuata historia utaona kwamba upana wa reli za Dar es Salaam mara nyingi haukuamuliwa na mahitaji ya Dar es Salaam. Uliamuliwa na kule reli inakokwenda, na mzigo unaosubiri huko.

Tuanze na ya kwanza. Kabla ya reli, njia kuu ya biashara ya bara haikuanzia Dar es Salaam. Ilianzia Bagamoyo, ikapita Tabora hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, na mizigo ilikwenda kichwani na mabegani kwa wapagazi, kila mmoja na frasila zake mbili hivi, yaani kama kilo 32. Bagamoyo ilikuwa na kila kitu isipokuwa kina cha maji. Pwani yake ni ya kina kifupi, inafaa majahazi, ila meli kubwa hulazimika kutia nanga mbali. Dar es Salaam, ambayo Sultani Majid wa Unguja alianza kuijenga katika miaka ya 1860, ilikuwa na bandari ya asili iliyojificha ndani ya mkono wa bahari. Wajerumani wakahamishia makao yao makuu huko mwaka 1891. Reli ilipokuja kuanzia Dar es Salaam, Bagamoyo ikaanza kulala.

Ujenzi ulianza Februari 1905. Kampuni ya Philipp Holzmann ndiyo iliyofanya kazi, na reli ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914, miezi michache tu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Hapo ndipo ulipozaliwa usemi wa Kigoma mwisho wa reli, ambao watu wa Kigoma wenyewe huutumia kwa majigambo kuliko kwa masikitiko.

Kwa nini mita moja? Kwanza ni gharama. Reli nyembamba hukubali kona kali, hutaka tuta jembamba, madaraja mepesi na mataruma mafupi. Kwa serikali ya kikoloni iliyokuwa ikibishana na bunge lake kuhusu kila senti, hilo lilikuwa jambo kubwa. Pili, Wajerumani walikuwa tayari wameanza reli nyingine kutoka Tanga kwenda Usambara mwaka 1893, nayo ilikuwa ya mita moja. Waingereza nao, upande wa Mombasa, walijenga reli yao ya Uganda kwa kipimo hicho hicho walichokizoea India. Kwa hiyo mahasimu wawili, bila kukaa meza moja, wakajikuta wanalingana. Wakati wa vita, jeshi la Waingereza liliunganisha reli yao na ile ya Tanga kwa kipande cha kutoka Voi hadi Kahe. Mwaka 1963 kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kikaiunganisha reli ya Tanga na Reli ya Kati. Tangu hapo behewa lililotoka Dar es Salaam liliweza kinadharia kwenda hadi Kampala bila mtu kuhamisha gunia.

Stesheni ya Wajerumani iliwekwa karibu na bandari kwa sababu iliyo wazi: mzigo ushuke melini upande behewani. Mojawapo ya mizigo ya ajabu iliyopita njia hiyo ilikuwa meli nzima. Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika maelfu ya masanduku, ikaja Dar es Salaam kwa bahari na kupelekwa Kigoma kuunganishwa upya. Iliingia majini mwaka 1915. Ndiyo MV Liemba ya leo.

Sasa Tazara, na hapa ndipo kisa kinaponoga.

Novemba 1965 Ian Smith, kiongozi wa walowezi wa kizungu, alijitangazia uhuru wa walowezi wachache huko Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Zambia, iliyopata uhuru mwaka mmoja tu kabla, ilikuwa haina bahari, na sehemu kubwa ya shaba yake ilitoka nje kwa reli iliyopita katika ardhi ya Smith huyo huyo. Rais Kaunda alihitaji mlango mwingine, na mlango huo ulikuwa Dar es Salaam. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia ziliukataa mradi zikisema hauna faida. Mwalimu Nyerere alikuwa ameizuru China mwaka 1965, na Septemba 1967 mkataba ukatiwa saini Beijing: China ingetoa mkopo usio na riba, pamoja na wataalamu na vifaa.

Ujenzi ulianza rasmi Oktoba 1970, na reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ikakabidhiwa Julai 1976. Kati ya Mlimba na Makambako njia inapanda nyanda za juu kwa madaraja na mahandaki ambayo hadi leo ukipita mchana huwezi kukaa kwenye kiti chako, utasimama dirishani. Wataalamu wa Kichina waliofia kazini wamezikwa Gongo la Mboto, na makaburi yao bado yanatunzwa.

Wajenzi hawa ilibidi wachague upana. Wangeweza kuchukua mita moja, ili reli ishikamane na Reli ya Kati na mtandao mzima wa Afrika Mashariki. Wangeweza kuchukua kipimo cha kwao. Lakini reli za Zambia zilikuwa tayari za milimita 1,067, kipimo cha futi tatu na inchi sita ambacho Waingereza walikieneza kutoka Rasi ya Tumaini Jema, kikapanda Rhodesia, kikavuka Maporomoko ya Victoria na kufika hadi Katanga, Kongo. Mzigo uliokuwa ukisubiriwa ni wa Zambia. Kama Tazara ingekuwa ya mita moja, kila tani ya shaba ingeshushwa na kupakiwa upya Kapiri Mposhi. Basi kipimo kikawa cha Zambia, na behewa likaweza kwenda moja kwa moja kutoka migodi ya shaba hadi kwenye gati la Dar es Salaam.

Gharama ya uamuzi huo ikabaki upande wa Tanzania. Reli mbili zinaingia bandari moja, zinatoka mji mmoja, na hazijuani. Baadaye kilipatikana kituo cha kuhamishia mizigo huko Kidatu, mkoani Morogoro, ambako tawi la Reli ya Kati kutoka Kilosa linakutana na Tazara. Kontena huinuliwa kutoka behewa la mita moja na kuwekwa kwenye behewa la 1,067, au kinyume chake. Inafanya kazi, ila ni kazi ya ziada, na kila unapoinua mzigo unalipa.

Stesheni yenyewe ya Tazara haikuwekwa mjini. Ilikaa kwenye Barabara ya Pugu, ndiyo Nyerere ya leo, upande wa viwanda, ambako kulikuwa na nafasi ya karakana na njia za kupanga mabehewa. Ni jengo pana la zege, lenye ukumbi wenye dari ya juu na nafasi inayomeza abiria wa treni nzima pamoja na mizigo yao. Na mizigo ya Tazara si mchezo: mchele wa Kilombero, ndizi, magunia ya viazi. Ndani ya treni daraja la kwanza ni chumba cha vitanda vinne, la pili vitanda sita, na wanaume na wanawake wasiofahamiana hawalazwi chumba kimoja. Safari za kuchelewa kwa saa nyingi ni sehemu ya sifa yake, na asiyekuwa na haraka huonja kitu ambacho basi haliwezi kumpa, kwa kuwa njia inakatiza mbuga iliyokuwa Selous na twiga huonekana kutoka dirishani. Septemba 2024, Beijing tena, Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya kuifufua.

Oktoba 2012 stesheni hizi mbili za zamani zilipata kazi nyingine. Foleni za magari zilikuwa zimewachosha watu, na Wizara ya Uchukuzi chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ikaanzisha treni za abiria wa mjini, moja kutoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa kwa Reli ya Kati, nyingine kutoka Tazara hadi Mwakanga. Wananchi waliipa jina la waziri: treni ya Mwakyembe. Ila angalia, hata hapo zilikuwa huduma mbili mbalimbali. Abiria wa moja hakuweza kuendelea na nyingine bila kupanda daladala katikati.

Ndipo ikaja ya tatu. Aprili 2017 Rais Magufuli aliweka jiwe la msingi la SGR huko Pugu, na mkandarasi wa kipande cha kwanza akawa Yapı Merkezi ya Uturuki pamoja na Mota-Engil ya Ureno. Safari hii hoja ya upana ilikuwa mwendo, uzito na soko. Reli pana hubeba mabehewa mazito zaidi na humruhusu dereva kukimbia bila behewa kuyumba. Ya Dar es Salaam imejengwa kwa kilomita 160 kwa saa kwa treni za abiria. Tena vichwa, mabehewa na vipuri vya milimita 1,435 vinatengenezwa kwa wingi duniani kuliko vya kipimo kingine chochote. Na bado jicho liko mbali: mpango ni kuufikia mzigo wa Mwanza, Kigoma, Burundi na Kongo.

Kuirudisha stesheni katikati ya mji uliojaa kulitaka reli ipande juu. Ndiyo maana treni ya SGR inapotoka Stesheni ya Magufuli hupita juu ya nguzo, magari yakiwa chini yake. Safari za Morogoro zilianza Juni 14, 2024, na za Dodoma mwezi uliofuata. Nauli ya kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 13,000 hadi Morogoro na 31,000 hadi Dodoma. Dodoma, ambayo kwa treni ya zamani ilikuwa safari ya usiku kucha, sasa ni ya kwenda na kurudi siku moja. Umeme nao una visa vyake: katika siku za mwanzo Shirika la Reli Tanzania, TRC, lilitaja ngedere na bundi miongoni mwa waliosababisha hitilafu njiani, na mitandaoni watu walicheka wiki nzima.

Huduma za stesheni hii zinafanana zaidi na za uwanja wa ndege. Kuna ngazi za umeme na lifti, mizigo hupita kwenye mashine ya ukaguzi, na tiketi hukatwa mtandaoni kwa kutumia kitambulisho. Ukichelewa, umechelewa, maana hii haingoji mtu kama zile dada zake. Treni ya pua ndefu ambayo watu huiita mchongoko ilijiunga baadaye mwaka huo huo.

Je, za zamani zifungwe? Bado haiwezekani. SGR ilipofunguliwa ilikomea Dodoma, kwa hiyo wa Kigoma, Mpanda au Mwanza anayetaka treni moja tangu Dar es Salaam bado anaitegemea ile ya mita moja. Wa Ifakara, Makambako, Mbeya na Zambia hana njia nyingine ya reli isipokuwa Tazara. Basi kabla hujapanda bodaboda, tazama tiketi imeandikwa unakwenda wapi. Ukifika Stesheni ya Magufuli na tiketi ya Mbeya mkononi, una kilomita kadhaa za foleni ya Barabara ya Nyerere mbele yako.