Vinasaba majini si samaki wavuni

Kwetu Mtwara nimewasikia watu, hata wasomi, wakisema kipimo cha vinasaba (DNA) vilivyomo majini kikionyesha kambale mtoni, chini ya ukuta wa bwawa, basi kambale anaishi pale pale. Sivyo.

Samaki akiogelea huacha ute, magamba, kinyesi na chembe za ngozi. Mtaalamu huchota lita moja au mbili, huyapitisha maji kwenye kichujio chenye matundu madogo mno, kisha maabara hutafuta DNA iliyonaswa na kuilinganisha na ya samaki wanaojulikana. Hakuna wavu, hakuna samaki anayekufa. Naipenda njia hii kwa dhati.

Lakini mto hutembea. Vinasaba hudumu siku kadhaa, pengine wiki, kabla ya jua, joto na bakteria kuvimaliza, na mkondo huweza kuvibeba kilomita nyingi. Kwa hiyo perege wa bwawani ataonekana kwenye chupa iliyojazwa chini ya ukuta, ingawa yeye hajawahi kushuka. Hata mama aliyepara samaki mtoni asubuhi huacha alama.

Mfikirie mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, wa mto Ruvuma. Huzaliwa Bahari ya Hindi, kisha hupanda mto akiwa mwembamba kama njiti. Pakiwa na bwawa na alama yake ipatikane juu ya ukuta, hiyo ina uzito, maana maji hayapandi mlima. Ila haisemi wamepita wangapi, wala kama ni wazee waliokwama huko kabla ukuta haujajengwa. Hapo unahitajika mtego, na jicho la mvuvi.